Vibuyu vya Narung'ombe

Mara kwa mara katika karatasi yetu hii mmesoma habari za safari za mbali, za miji mikubwa na bahari. Leo nataka kuwapeleka mahali pasipo mbali sana nasi, yaani Narung'ombe, katika wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi. Tena nataka kuwaeleza habari ya kitu ambacho labda kimo jikoni mwenu saa hii mnaposoma, wala hamkitazami. Kitu hicho ni kibuyu. Nami siandiki ili nijisifu kwa safari yangu. Naandika kwa kuwa nilikuwa na deni huko, nalo lilinikaa moyoni miaka ishirini.

Zamani sehemu hizi zilihesabiwa pamoja na Nachingwea. Sasa Ruangwa ni wilaya yenyewe. Atokaye Nachingwea hufika kwanza Ruangwa mjini, kisha hutafuta pikipiki ya kumpeleka Narung'ombe. Wenyeji walio wengi ni Wamwera, watu wa jembe. Nilisafiri mwezi wa Juni, mvua zimekwisha, na vumbi limeanza kupanda. Ufuta ulikuwa umekatwa, umefungwa matita na kusimamishwa ukauke. Mbaazi zilikuwa bado shambani. Mikorosho ilisimama kimya, ikingoja kutoa maua. Njiani nilikutana na wanawake na watoto waendao kuchota maji, na kila mmoja alikuwa na dumu la plastiki la manjano. Nilihesabu madumu hata nikachoka, wala sikuona kibuyu hata kimoja kichwani mwa mtu.

Mtu akitaja Nachingwea, wazee hukumbuka karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza shamba kubwa la karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Walileta mitambo ya kung'oa miti, wakajenga bandari Mtwara na njia ya reli, wakatumia mamilioni ya fedha. Na mwaka 1951 serikali yao ikauacha mpango huo. Wakati wote ule, nyuma ya majiko ya watu, mmumunye uliendelea kutambaa juu ya paa bila mtambo wala mshahara, ukiwapa watu mtungi wa maji, kata ya kunywea, na ghala ya mbegu. Mmea huu si mgeni kwetu. Wataalamu wauita Lagenaria siceraria, nao wasema asili yake ni Afrika. Ua lake ni jeupe, huchanua jioni, na nondo hulitembelea usiku wakati nyuki wamelala.

Sasa nieleze deni langu.

Nilifika Narung'ombe mara ya kwanza mwaka 2004. Nilikuwa nimemaliza masomo ya ukatekista si zamani, nami nilikuwa na bidii nyingi kuliko maarifa. Nilitumwa kuwatembelea Wakristo wapya nyumba kwa nyumba. Katika nyumba moja nilipokewa vizuri na mama mmoja aliyekuwa amebatizwa Pasaka ya mwaka ule. Alinikaribisha jikoni kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha. Nilipoinua macho nikaona darini, juu ya moshi, kibuyu cheusi chenye shingo ndefu. Kilikuwa kimezibwa kwa gunzi la mahindi na kupakwa nta mdomoni, na mwili wake wote ulijaa alama: madoa, mistari ya kupindapinda, na ndege mmoja amesimama karibu na shingo.

Sikuuliza ni cha nini. Hilo ndilo kosa langu, nalo ni dogo kulisema. Nilisema tu, "Mama, katika nyumba ya Mkristo hapatundikwi tunguri."

Akanitazama. Akafungua kinywa kana kwamba atasema, kisha akanyamaza, maana mimi nilikuwa mwalimu, naye alikuwa mgeni katika imani. Akapanda juu ya kigoda, akakishusha, akakiweka motoni kwa mkono wake mwenyewe. Kibuyu kikavu hushika moto upesi. Kilipopasuka tulisikia mlio kama wa bisi zinazokaangwa, na punje zikaruka hata majivuni. Hata hapo sikuelewa. Nikasali, nikaaga, nikaondoka nikifurahi.

Kaka yake alinisindikiza mpaka njia panda. Hapo akasimama, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, ile ilikuwa mbegu ya mtama. Ya marehemu mama yetu."

Ninyi wakulima mnajua maana ya maneno hayo. Wamwera, kama Wayao na Wamakua, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Na mbegu nzuri vilevile hutoka kwa mama kwenda kwa binti, mwaka kwa mwaka, bila kupita dukani. Huwekwa ndani ya kibuyu, huzibwa kwa nta, hutundikwa juu ya moto ili moshi uwafukuze fukusi. Nami kwa neno moja nilikuwa nimeteketeza kazi ya wanawake ambao sikupata kuwajua hata kwa majina. Nikajiambia, kesho nitarudi niombe radhi. Sikurudi kesho, wala mwezi ule, wala mwaka ule. Baadaye nilihamishwa kituo, na katika moyo wangu nilishukuru kuhamishwa.

Basi mwezi wa Juni uliopita nilipata nafasi, nikaenda. Nilipobisha hodi, alitoka msichana wa darasa la sita, na nyuma yake bibi, amezeeka, mwenye macho makali bado.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu, mwalimu." Akanitazama toka juu hata chini. "Umenenepa."

Nikakaa. Nikameza mate, nikasema, "Bibi, nimekuja kwa habari ya kile kibuyu."

"Kipi?" akauliza. Nikadhani amesahau, nikaona afadhali. Lakini akaendelea, "Vilikuwa vitatu. Ulipoondoka niliviteremsha vile viwili, nikavipeleka kuvificha kwa dada yangu. Nilijua utarudi."

Ndugu zangu, fikirini neno hilo. Miaka ishirini nilijilaumu kwa kuwa sikurudi. Na yeye muda huo wote alikuwa akichelea nisije nikarudi. Nikamwomba radhi. Hakusema kwamba si kitu, kama tufanyavyo wengi kwa adabu. Alisema, "Mwaka ule tulipanda mtama wa kuomba kwa jirani. Ulikuwa mzuri, lakini si ule wa mama. Ule wa mama ulikomaa mapema, kabla ndege hawajawa wengi. Sijaupata tena." Kisha akaniambia, "Basi, umekuja. Shika hiki." Akanipa kibuyu kipya na jani la msasa, nikaanza kukisugua kama mwanafunzi.

Nitaeleza kazi yenyewe kama nilivyofundishwa siku ile, kwa kuwa wako walimu wasomao karatasi hii ambao wangependa kuifanya pamoja na watoto.

Tunda huachwa juu ya mmea mpaka kikonyo kinyauke. Likichumwa changa, litanywea na kuoza. Likikomaa, ganda hulia ukiligonga kwa ukucha. Likiwa bado changa, mtu akitaka shingo nyembamba, huifunga kwa ugwe, nayo hukua kwa kufuata kile kifungo. Baada ya kuchumwa hukatwa mdomo, likatiwa maji, likaachwa siku kadhaa mpaka nyama ya ndani ioze. Hapo hutiwa changarawe, hutikiswa kwa nguvu, na uchafu humwagwa. Mbegu zilizo nzima huoshwa na kuanikwa kwa mwaka ujao. Kisha hutiwa maji safi na kumwagwa, tena na tena, hata uchungu uishe. Mwenye haraka hunywa maji machungu, ndivyo alivyosema bibi, naye alinitazama aliposema hivyo.

Ngozi ya juu hukwanguliwa, ganda likasuguliwa kwa msasa mpaka liteleze. Ndipo huja nakshi. Bibi hutumia vitu viwili tu: ncha ya kisu kidogo, na msumari uliofungwa katika kipande cha mti, ambao huutia motoni mpaka uwe mwekundu. Kisu hukata mistari myembamba, na msumari huunguza madoa. Mstari ukisha kukatwa, hupakwa masizi ya chungu yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo, kisha ganda hupanguswa kwa kitambaa. Weusi hubaki ndani ya mchoro, na kwingine kote hung'aa rangi ya asali. Hakuna kufuta. Kisu kikiteleza, kosa hulazimika kuwa jani au mkia wa kitu fulani. Na kibuyu kikipata ufa hakitupwi. Hutobolewa vitundu pande mbili za ufa, kikashonwa kwa uzi wa katani. Mmoja wa vile viwili vilivyofichwa ulikuwa na mshono mrefu toka shingoni hata tumboni, mishono yake imepangwa sawasawa kama ya kanzu.

Nilipokuwa nikisugua, nikauliza lile swali nililopaswa kuuliza mwaka 2004. "Bibi, alama hizi ni za nini?"

Akacheka. "Za kujua kilichomo. Jikoni ni giza." Akanionyesha kimoja kimoja. Cha maji kilikuwa na samaki na mistari ya mawimbi. Cha kunde kilizungukwa na mmea wa kunde wenyewe, unapanda toka chini hata mdomoni, na kila jani lina mishipa yake. Cha mafuta kilikuwa na jani la mnyonyo lenye vidole vyake. Kila kimoja waweza kukijua kwa kukipapasa kwa kidole, usiku, pasipo taa.

"Na kile cha ndege?"

"Yule ni kanga. Kanga ndiye mwizi wa mbegu. Hufukua shamba usipoamka mapema. Mama yangu alimchora pale mlangoni ili kila nikifungua nimkumbuke, niamke." Na yale madoa niliyoyadhania kuwa ya uganga yalikuwa ni manyoya ya kanga, basi.

Mjukuu wake naye alileta kibuyu chake, kidogo, chenye mchoro usiotulia bado. Alikuwa amechora bibo, na korosho imening'inia chini yake. Nikamwuliza kama alifundishwa na bibi. Akasema, "Hapana, mwalimu. Bibi hachori korosho. Lakini mahitaji yangu ya shule hulipwa kwa korosho." Bibi hakumkataza. Mti huo wenyewe si wa asili ya kwetu. Ulitoka Brazil, nao ulifika pwani ya Afrika ya Mashariki kwa merikebu za Wareno, katika karne ya 16. Lakini kibuyu kilikuwa kimekwisha kufanya safari hiyo kwa kuelekea kule, tena bila merikebu. Mwaka 2014 wataalamu waliopima asili ya vibuyu vya kale vya Amerika walisema vilitoka Afrika. Yamkini vilielea juu ya bahari ya Atlantiki, kwa kuwa tunda kavu huelea miezi mingi na mbegu zilizomo zikabaki hai. Na huko Peru, mahali paitwapo Huaca Prieta, mwaka 1946 mchimbaji wa mambo ya kale, Junius Bird, alianza kufukua makao ya watu wa kale, akapata vibuyu vidogo viwili vilivyochongwa nakshi, vyenye umri upatao miaka 4,000. Kumbe tangu kale, mwanadamu akipewa ganda laini na kitu chenye ncha, hawezi kuliacha tupu.

Niliporudi nyumbani nilikumbuka habari niliyopata kuisoma juu ya Wakikuyu wa Kenya. Walikuwa na kibuyu kiitwacho gicandi, chenye mbegu ndani ili kilie kikitikiswa, na nje kimechorwa alama nyingi. Waimbaji wawili walishindana kwa mafumbo, na alama zile zilikuwa ukumbusho wao, kama maandishi. Padre mmoja wa shirika la Consolata, Vittorio Merlo Pick, aliyakusanya mafumbo hayo, na kitabu chake kikapigwa chapa mwaka 1973. Tena huko Kitui, nchi ya Wakamba, ambako kibuyu chaitwa kitete na nakshi yake yasifiwa sana, wanawake wa kikundi cha Kyanika wamekusanya mbegu za vibuyu vya maumbo mengi pamoja na majina na matumizi yake, ili visipotee. Nilipoyawaza hayo niliona haya. Mbele ya kibuyu chenye alama, padre yule aliuliza, akaandika. Mimi nilikuwa mbele ya kibuyu chenye alama, katika nchi yangu mwenyewe, nikaomba moto.

Sisemi kwamba hakuna vibuyu vya waganga. Vipo, nasi twavijua. Tunguri ni kibuyu kidogo cha dawa, na huko Uzaramo na Ukwere vizibo vyake huchongwa sura za watu. Lakini kibuyu ni kibuyu. Kisu kimoja hukata kitovu cha mtoto na kisu kama hicho huua, wala hatuvitupi visu vyote ziwani. Tusihukumu kwa weusi wa moshi, wala kwa wingi wa alama. Nakshi siyo hatia. Fungueni kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 6, msome jinsi Suleimani alivyoijenga nyumba ya Mungu: mbao zake za mierezi zilichongwa mifano ya matunda ya jamaa ya maboga, pamoja na maua yaliyochanua. Ikiwa fundi wa hekalu aliruhusiwa kuchonga kitambaacho juu ya paa la jikoni, mama wa Narung'ombe naye na achonge kanga wake.

Hatari ya leo si tunguri. Hatari ni kwamba hakuna aulizaye tena. Dumu la plastiki ni jepesi, halivunjiki upesi, nami silikatai. Nyumbani kwangu yako manne. Lakini vibuyu vikikosa kazi, havipandwi. Na visipopandwa miaka michache, mbegu hufa. Na mbegu ikifa, mkono uliojua kuichonga hauna cha kushika. Nimewauliza watoto wa shule yetu ya Jumapili, watoto thelathini na mmoja, ni nani nyumbani kwao aliye na mmumunye juu ya paa. Walinyosha mikono watoto wanne.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu, ndugu zangu. La kwanza, ninyi wazazi mlio na kibuyu cha mbegu, kiandikieni au kichoreeni alama, mkawaambie watoto ni mbegu gani na ilitoka kwa nani. La pili, ninyi walimu, saa ya kazi za mikono leteni vibuyu darasani. Havina gharama, na mtoto atachora jani kwa uangalifu zaidi akijua kwamba halifutiki. La tatu latuhusu sisi makatekista na wazee wa kanisa: tuingiapo jikoni kwa watu, tuulize kwanza. Neno "ni cha nini hiki, mama?" halina uzito mdomoni, nalo lingaliniokoa na miaka ishirini ya aibu, na lingaliiokoa mbegu ya mtama ambayo haitarudi.

Nilipoaga, bibi aliingia ndani, akanitolea mbegu za kibuyu zilizofungwa katika karatasi ya daftari. Nilihesabu baadaye, zilikuwa kumi na mbili. Hakunipa kibuyu. Alisema, "Chako utakichonga mwenyewe." Nilizipanda mwezi wa Desemba, mvua zilipoanza, karibu na ukuta wa jiko. Zikaota tisa. Sasa ninapoandika, mmea umefunika nusu ya paa, na jioni maua meupe hufunguka. Maua ya kwanza yote yalianguka pasipo kuzaa, mke wangu akahuzunika, mpaka jirani akatueleza kwamba hayo ni maua ya kiume, ndiyo hutangulia. Ya kike hufuata, yenye kibuyu kidogo nyuma yake kama kidole cha mtoto. Jana tuliyaona mawili.

Yakikomaa salama, moja litakuwa la maji. La pili nitatia mbegu ya mtama, nami nitajaribu kumchora kanga. Mkono wangu ni mzito, yamkini atafanana na kuku; lakini nitalichukua mwenyewe mpaka Narung'ombe, nimpelekee bibi alitundike darini pake.

Wasalaam. Ni mimi ndugu yenu, mwalimu wa Nachingwea.